Tumbo Upande wa Kushoto

Siku hizi jioni ikikaribia naingia ndani. Jua halijazama vizuri na tayari nimefunga mlango na dirisha, hata kama huku kwetu Nkubu hakuna wale wadudu walioniuma. Mama huniambia nitoke nipunge hewa. Sitoki. Mwili bado unakumbuka.

Naandika kwa ajili ya msichana yeyote ambaye tumbo lake limeanza kuvimba na kila mtu anajua sababu isipokuwa yeye. Mimi si mtu wa kuongea. Kutoka fomu wani mpaka fomu foo sidhani kama niliinua mkono darasani mara tano. Lakini kuandika naweza, na kuna mambo humu ambayo siwezi kuyasema kwa mdomo hata nikilazimishwa.

Naitwa Kendi. Nilipomaliza shule, kanisa letu lilinichagua kwenda kutumika mwaka mmoja mbali na nyumbani kabla sijaingia chuo. Siku ya kutumwa Mama alilia mbele ya watu wote, kwa furaha, na akina mama wenzake wakamfunga leso kiunoni wakacheza naye. Nilipelekwa Biliqo, huko mbele ya Merti. Kwetu ni kahawa, migomba na ukungu. Kule ni mchanga, miiba na ngamia wanaokuangalia kana kwamba wewe ndiwe umekosea njia.

Tulikuwa wawili, mimi na Purity, msichana mcheshi kutoka Timau. Tulilala chumba kimoja ndani ya boma la kanisa, na Mchungaji na mkewe walikaa nyumba ya mawe hapo hapo. Asubuhi nilifundisha watoto wa nasari chini ya paa la mabati. Mchana tulichota maji, tukafua, tukapika. Na jioni ilikuwa saa ya utulivu. Hiyo ilikuwa sheria: kabla ya giza kila mmishonari atoke nje ya boma peke yake, atafute mahali pake akae na Mungu, kisha aandike shukrani tatu kwenye daftari. Mistari mitatu, si miwili. Kila Ijumaa mama mchungaji alikusanya madaftari akaangalia.

Shukrani zangu za kwanza bado ninazo. "Nashukuru kwa chai ya maziwa ya ngamia. Nashukuru kwa Halima kuandika jina lake bila kuangalia. Nashukuru kwa upepo wa leo." Nilikuwa na furaha. Nataka hilo lijulikane kabla sijafika kwa mengine.

Mahali pangu palikuwa kwenye kichuguu kimoja nyuma ya boma, kikubwa, kilichonizidi urefu, na upande mmoja kimelala kama kiti. Ukikaa pale huonekani na mtu, na mimi napenda kutoonekana. Jioni moja Mama Guyo alinikuta pale. Mama Guyo ni jirani aliyekuwa akituuzia maziwa, Mborana, mwanamke mrefu asiye na haraka. Ndiye aliyenifundisha kusalimia watu wa pale.

"Intala," akaniita. Hivyo ndivyo wao humwita msichana. "Hapo jioni hatukai."

"Kwa nini, Mama Guyo?"

"Mtoto yangu alikuwa anakaa hapo na mbuzi. Akagonjeka tumbo. Toka."

Nikatoka. Wakati wa chakula nikamwambia Mchungaji, kwa sababu nilidhani atanitafutia mahali pengine, au ataniombea. Akacheka hadi akaweka kijiko chini.

"Umeona sasa? Hayo ndiyo tulitumwa kuvunja. Leo ni kichuguu, kesho ni mti, kesho kutwa ni jini. Kendi, ukihama pale, umewaambia jini lao lina nguvu kuliko Mungu wako. Kaa pale pale. Wakuone."

Mama Guyo hakuwa ametaja jini hata mara moja. Jini lililetwa mezani na sisi.

Basi nikakaa. Kutoka Februari mpaka Juni sikukosa hata jioni moja, na nilijivunia. Kulikuwa na vijidudu vya rangi ya mchanga, vidogo kuliko mbu, visivyo na kelele, vinatoka kwenye nyufa za kile kichuguu jua likishuka. Viliniuma vifundo vya miguu na shingo. Nilivipiga kwa lile daftari la shukrani. Kurasa zina madoa madogo ya damu mpaka leo, na damu ni yangu. Mama Guyo alikuwa akipita na ndoo ananiangalia. Baada ya mara ya tatu aliacha kunikataza. Nami niliandika: "Nashukuru kwa ujasiri."

Homa ilikuja Julai. Ilikuwa ikija mchana wakati watoto wanaenda nyumbani, inanitetemesha, inaniacha nimelowa. Kwa dispensari nikapewa dawa ya malaria. Nikamaliza, homa ikarudi. Nikapewa ya taifodi. Nikamaliza, ikarudi. Pua ilitoka damu mbele ya watoto na Halima akanifuta na buibui yake ndogo. Uso wangu ukawa mweusi kama wa mtu aliyekaa motoni. Nywele zikawa zinabaki kwenye chanuo.

Halafu tumbo.

Mikono yangu ilikuwa inakonda, miguu inakonda, lakini tumbo lilikuwa linakuja mbele. Mwezi wa nane sketi ilinikataa tumboni na huku kwa makalio inaanguka. Nikaifunga na kamba. Purity akawa anachekea hilo tukivaa.

"Aki Kendi, na unanona tumbo pekee? Hii inataka kupewa jina."

Nilicheka naye. Sikuwa nimeelewa anachosema.

Sasa hapa ndipo naona haya, lakini nitaandika. Pedi zilikuwa zinatoka kwa sanduku la mama mchungaji. Unaenda mlangoni, unaomba, anaandika jina lako. Tangu Julai sikuwa nimeenda kuomba, kwa sababu mwili ulikuwa umeacha. Daktari alinieleza baadaye kwamba mwili ukiwa na njaa ya damu huacha. Mimi wakati ule nilimshukuru Mungu kwa kupumzika. Niliandika kabisa, mstari wa pili, na Ijumaa mama mchungaji akasoma.

Mwezi wa tisa ukiisha wakaniita kikao. Mchungaji, mkewe, wazee wawili wa kanisa, na Purity kwenye kiti cha pembeni. Mimi nilisimama kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae.

"Kendi," Mchungaji akaanza kwa upole, "tunajua."

"Mnajua nini, Mchungaji?"

"Usitupeleke mbali. Kila jioni unaenda wapi?"

"Kwa kichuguu."

"Kufanya nini mpaka giza?"

"Kuomba. Wewe uliniambia nikae."

"Na nani?"

Sikuelewa kwamba hilo ni swali. Mama mchungaji akafungua kile kitabu chake. "Agosti hakuna. Septemba hakuna. Purity, mnalala chumba moja. Umeona akitumia?"

Purity aliangalia sakafu. "Sijaona."

Mama mchungaji alinipeleka chooni na kipimo cha chemisti. Kikaonyesha mstari mmoja, yaani hakuna mimba. Alikishika kwenye mwanga, akakitikisa kama kalamu iliyokauka wino. "Hizi vitu hudanganya," akasema. Tukarudi ndani. Mzee mmoja akauliza kama ni mchunga ngamia au ni askari wa pale kituoni. Mwingine akasema heri askari, ana mshahara.

Niliweza kusema maneno mawili tu: "Mimi mgonjwa." Nilisema kwa sauti ndogo sana ikabidi nirudie, na mara ya pili nikalia, na kulia kwangu kukawa ushahidi.

Wakampigia Mama simu, wakaiweka sauti ya juu mezani. Mchungaji alimweleza. Kwenye simu nikasikia kuku wetu kule nyumbani.

"Kendi," Mama akasema. "Ni ya nani?"

Nilifungua mdomo.

"Nimekuuliza ni ya nani! Nilifungwa leso kwa ajili yako mbele ya kanisa zima. Nitatokea wapi mimi? Usirudi hapa bila jina la huyo mtu."

Akakata. Nikapewa siku tatu za kufunga, maji tu, ili niseme ukweli. Mtu ambaye alikuwa anakufa akanyimwa chakula kwa upendo. Siandiki hivyo kwa hasira. Waliniombea kweli, nilikuwa nawasikia kupitia ukuta.

Siku ya pili ya kufunga nilitumwa maji kama kawaida. Nilianguka pale kwenye bomba na mtungi ukaniangukia mguuni. Mama Guyo ndiye aliyeniinua. Aliniketisha kivulini, na bila kuuliza akaingiza mkono chini ya blauzi yangu, chini ya mbavu, upande wa kushoto, akabonyeza. Nikapiga kelele.

"Mtoto hakai hapa," akasema. "Mtoto anakaa chini, katikati. Hii iko kando. Iko ngumu kama jiwe. Guyo alikuwa hivi hivi."

"Guyo ako wapi siku hizi?"

Nilikuwa nimemwita Mama Guyo miezi tisa na sikuwahi kuuliza Guyo yuko wapi. Nilitumwa kule kuwapenda wale watu.

"Tulimchoma na moto hapa tumboni, dawa ya zamani," akasema. "Tukangoja. Tulipofika hospitali ya mjini daktari alisema ni mdudu wa kichuguu, anauma jioni, na mumechelewa. Guyo alikuwa miaka tisa." Akainuka akapangusa mchanga. "Lori ya mbuzi inaenda Isiolo kesho asubuhi. Wewe unaenda."

Mchungaji alisema nikitoka nimejitoa kwenye huduma, na ataandika hivyo. Asubuhi Purity alinifuata mpaka kwa uzio. Hakusema pole. Alinisukumia mfuko kupitia miiba, akageuka haraka. Ndani kulikuwa na sabuni, daftari langu, na pakiti nzima ya pedi, haijafunguliwa. Nilikaa na ile pakiti mapajani nikiwa juu ya lori katikati ya mbuzi. Nilielewa anachoniambia. Alikuwa ananiamini. Angeweza kusema kwenye kikao, lakini alisema na pakiti.

Hospitalini Isiolo, mimi na Mama Guyo tulikaa kwenye benchi kutoka asubuhi mpaka alasiri. Benchi la hospitali lina ukatili wake, kwa sababu watu hawana kazi nyingine ila kukuangalia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisogea kunipa nafasi, akasema, "Kaa, mama. Ni miezi ngapi?" Alikuwa mwema. Ndiye aliyeniumiza kuliko wote siku hiyo.

Daktari alikuwa kijana mwenye usingizi machoni. Alipima mimba kwanza. Hakuna. Akabonyeza upande wa kushoto, na usingizi ukamtoka. Alichora kwa kalamu juu ya ngozi yangu mahali wengu ulipofika, na mstari ulipita kitovu. Nikatobolewa kidole. Tukangoja tena. Akarudi na karatasi.

"Ni kalaazar, inaletwa na hivyo vidudu vya kichuguu. Ungekaa huko wiki chache zaidi, hatungeongea hivi."

Nililia, na Mama Guyo akadhani ni uoga. Haikuwa uoga. Niliomba kalamu, na jioni ile nikiwa na dripu ya damu ya mtu nisiyemjua mkononi, mstari wa kwanza niliandika: "Nashukuru kwa kalaazar." Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kuandika hivyo. Nilikuwa na ugonjwa unaoua na nilikuwa nashukuru, kwa sababu ulikuwa na jina na jina hilo halikuwa la mwanamume.

Sindano ni siku kumi na saba, mbili kila siku, kwa makalio. Mimi ambaye nilikuwa nikibadilisha nguo chini ya shuka. Ya kwanza niliona haya. Ya tano sikuwa na haya, nilikuwa na maumivu tu. Kufikia ya kumi nyama ilikuwa imekuwa ngumu, na sista anapapasa akitafuta mahali. "Leo nikudunge wapi, Kendi? Umebakisha wapi?" anasema, na mimi nacheka ili nisilie. Chakula kilikuwa na ladha ya chuma. Viungo viliuma kama vya bibi. Siku ya kumi na moja mtoto wa kitanda cha tatu, aliyekuja siku moja na mimi na ugonjwa huo huo, alifunikwa uso. Sindano zake zilizobaki zilirudishwa kabatini. Niliona sista akizirudisha.

Mama Guyo hakuondoka. Aliacha mbuzi wake kwa jirani akalala kwenye mkeka chini ya kitanda changu. Alikuwa akitandaza mkeka ule ule kuswali, kisha anainuka kunishika mkono sindano ikija. Nilitumwa kumleta kwa Yesu. Sikumwambia chochote kuhusu Yesu siku zote zile. Nilikuwa na kazi ya kuishi, na yeye alikuwa na kazi ya kunishika.

Mvua ya Oktoba ilinyesha siku ya kumi na mbili, na ndiyo siku Mama alifika, baada ya kusikia nimelazwa. Alisimama mlangoni mwa wodi, viatu vimejaa matope, ananitafuta. Macho yake yalinipita mara mbili. Aliponitambua, kitu cha kwanza alifanya ni kufunua shuka na kuangalia tumbo.

"Mama, ni kalaazar. Uliza sista."

"Nimeuliza." Hakukaa. Akamgeukia Mama Guyo. "Na huyu ni nani? Ni nyinyi mlimpa maziwa mabichi?"

"Salaam aleikum, mama Kendi," Mama Guyo akasema akijifunga mtandio. "Sasa umekuja, mimi nitaenda kuona mbuzi. Sindano imebaki ya siku tano. Akidungwa mshike mkono ya kulia. Ya kushoto iko na dripu." Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akaenda.

Mama alipoenda kutafuta uji, begi lake lilikuwa wazi. Juu kulikuwa na chai na ndizi. Chini nikaona shali ya manjano, ile aliyonibebea mimi nikiwa mtoto mchanga. Alikuwa ameifua na kuikunja. Alikuja akiwa ameamini kuna mtoto, na hata hivyo alikuja, na shali amebeba. Mpaka leo sijui niiweke wapi hiyo shali moyoni mwangu.

Nilimaliza sindano. Tumbo likarudi polepole kama puto lenye tundu dogo. Nikaletwa nyumbani Novemba, nimekonda, nimeparara, mzima.

Na hapo ndipo nilijua kwamba kupona mwili si mwisho. Hapa kwetu watu wanajua kuhesabu miezi. Walihesabu. Tumbo lilikuwepo, watu wameambiwa na kanisa, sasa tumbo halipo na mtoto hayupo. Sokoni mwanamke mmoja alimwambia Mama mbele yangu, "Huyu wako hospitali ya Isiolo walimsaidia, eh?" Mama akalipa nyanya akaondoka haraka.

Nilimwonyesha Mama karatasi ya hospitali. Akaisoma yote, akaikunja, akaiweka kwenye Biblia. Usiku haukuwa umeingia, tulikuwa jikoni tunachambua maharagwe. "Mwari wakwa, binti yangu," akasema bila kuinua macho, "mimi ni mama yako. Niambie mimi tu. Hakukuwa na kitu?"

"Hakukuwa, Mama."

"Sawa."

Januari damu yangu ya kila mwezi ilirudi. Nilifungua ile pakiti ya Purity. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikaiacha mezani makusudi, Mama aione. Aliiona. Aliishika, akaiangalia muda mrefu.

"Hata mtu akitoa, hurudi," akasema, akaenda kuwapa kuku maji.

Alikuwa ameona mikono ya sista ikitafuta mahali pa kudunga. Alikuwa amenishika mkono wa kulia siku tano. Bado.

Jumapili iliyofuata vijana wapya walitumwa. Mchungaji alikuwa amekuja kutoka Biliqo kuwachukua. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniomba nitoe ushuhuda. "Hiyo ya tumbo wacha," akaninong'oneza. "Sema tu uliugua na Mungu akakuponya." Nilikataa kwa kichwa. Hakuna aliyeshangaa, wanajua mimi ni mtu wa haya.

Nje, baada ya ibada, msichana anayeenda Biliqo alinijia. Alikuwa na mkoba mpya na daftari jipya. Mama alikuwa amesimama karibu na mimi.

"Ni wewe yule wa mimba?" akauliza, bila ubaya kabisa, kama mtu anayeuliza njia.

Niligeuka kwa Mama. Nilimngoja. Naapa nilimngoja. Mama aliangalia viatu vyake.

Basi nikashika mkono wa yule msichana, mbele ya Mama, mbele ya Mchungaji na wazee wa kanisa letu, nikauweka chini ya mbavu zangu upande wa kushoto, mahali daktari alichora.

"Hapa," nikamwambia, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ukisikia homa inarudi baada ya dawa, na hapa pamekuwa pagumu, usingoje kikao. Enda kwa Mama Guyo, yule wa maziwa. Na jioni usikae kwa kichuguu. Hata ukiambiwa ni imani."

Yule msichana alitoa mkono wake polepole, lakini nilimwona alasiri akipanda gari, kiganja chake kiko pale pale, kushoto, anajipima.

Bado naandika shukrani kila jioni, mlango ukiwa umefungwa. Leo mstari wa kwanza ni Mama Guyo, ambaye amepiga simu kuuliza kama nanenepa. Wa pili ni yule msichana na kiganja chake. Wa tatu nimeuacha wazi, kama jana na kama juzi. Huo ni wa Mama. Siku ataniamini, nitaujaza.